Hesabu ya Shemeji

Shemeji yangu ni muuguzi, na kwa miaka kumi na minane amekuwa muuguzi peke yake katika nchi inayokula siku nzima kuivuka kwa gari. Namwita shemeji kwa sababu nilimwoa mdogo wake, Mungu amrehemu. Mke wangu alipofariki, watu walidhani nitafunga virago nirudi kwetu. Sikurudi. Nilikuwa nimeshazoea kubishana na shemeji, na mtu wa kubishana naye vizuri hapatikani kila mahali.

Zahanati yake ina vyumba viwili. Cha mbele kina benchi, mizani ya watoto na jokofu la chanjo linalotumia gesi. Cha nyuma kina kitanda cha kujifungulia, ambacho mwaka jana kilitumika mara nne. Mimi naendesha gari la wazee. Kila Alhamisi ya pili nawazungukia majumbani, nawapeleka hospitali ya mjini, kilomita tisini na sita, waonwe na daktari na kupewa dawa. Jioni nawarudisha wakilalamikia viuno, kana kwamba mashimo ya barabarani nimeyachimba mimi.

Watu huku ni haba. Kuna wafugaji, ambao husema nchi ni yao. Kuna waliobaki mgodini mgodi ulipofungwa, na kuna familia sita za waliokuja kujenga reli. Reli ikaishia njiani, nao wakaishia hapo hapo. Zamani makundi haya yalikuwa hayaoani. Siku hizi wazee wangefurahi sana yaoane, ila waoaji hawapo. Ukikuta mwanamume wa miaka ishirini na tano amesimama barabarani, ujue ama amepotea, ama gari lake limeharibika.

Mwaka juzi ikaja barua kutoka ofisi ya mjini. Walitaka wakazi wahesabiwe nyumba kwa nyumba, umri na jinsia. Eneo litakalokutwa na watu chini ya mia mbili na hamsini, zahanati yake itafungwa na muuguzi atahamishwa. Na kazi ya kuhesabu wakampa muuguzi mwenyewe, eti kwa kuwa ndiye anayejua kila mlango.

"Shemeji," nikamwambia, "hapo wamemkabidhi fisi bucha."

"Fisi huyu ana haya," akanijibu.

Na kweli alikuwa nayo. Kanuni ilikuwa moja: anaandikwa aliyelala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia Jumatatu iliyotajwa kwenye barua, basi. Tulizunguka siku kumi na moja, na kila mlango tulikuta kosa lile lile. Unamuuliza mama wa watu, mko wangapi? Anajibu, saba. Wewe unaona mkeka mmoja na kikombe kimoja. Unamuuliza hao saba wako wapi, anaanza kukutajia: huyu yuko mjini, yule yuko ng'ambo, huyu mwingine alisema atakuja mvua zikikatika. Hawakuwa wanadanganya. Huku kwetu mtoto haondoki, yuko safarini tu, hata kama safari ina miaka kumi na mitano na alisafiri na godoro.

Shemeji aliwaeleza kwa upole, mmoja mmoja, kisha akaandika mtu mmoja. Wengine walisema hana utu. Mzee mmoja alimfuata mpaka garini akiwa na picha ya binti yake, amwone kwamba yupo. Shemeji aliitazama ile picha, akaisifu, wala hakumwandika. Nilimwonea fahari, ingawa sikumwambia. Ukimsifu huyu mtu anadhani unataka kitu.

Tukabakiwa na nyumba moja, ya mama yake, yaani mama mkwe wangu. Hesabu ilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

Mama alikuwa akiishi peke yake, kilomita tano kutoka zahanati. Mara ngapi shemeji alimsihi ahamie kwake! Jibu lilikuwa lile lile: mziwanda akirudi atamkuta nani? Mziwanda huyo, mdogo wao wa mwisho, alikuwa ameondoka miaka tisa, na simu yake ya mwisho ilikuwa na miaka mitatu. Tulimkuta Mama sebuleni, miguu imevimba kwa ugonjwa wa moyo, ameipumzisha juu ya kigoda.

"Mama, usiku wa kuamkia Jumatatu walilala wangapi hapa?"

"Wawili. Mimi na mdogo wako."

"Mama."

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Anaandikwa aliyelala, Mama. Aliyelala ndani."

"Kitanda nilikitandika mwenyewe Jumapili. Shati lake nimelipiga pasi. Wewe kama hukumwona, ulikuwa wapi?"

Shemeji akanitazama mimi. Nikatazama ukuta, kwa sababu mkwe haingilii maneno ya mama na bintiye, na kwa sababu mimi ni mwoga. Nilitaka akatae. Nilimwomba Mungu akatae, maana nilijua akikubali hapa, hatakuwa na pa kushika. Akainamisha kichwa, akaandika: mwanamume, miaka thelathini na mmoja, yupo.

Tulipofika njia panda akasema, "Geuza gari."

"Twende wapi? Tumemaliza."

"Nimemwandika wa kwetu, shemeji. Wenzangu nitawanyima wa kwao kwa uso gani?"

Tukarudi mlango kwa mlango, siku nne. Kila nyumba iliyokuwa na mzee mwenye mtoto safarini aliiandikia mtoto mmoja, mmoja tu, asije mtu akasema amependelea. Mimi nilicheka, nikamwambia vijana thelathini na tisa, pamoja na mziwanda, kwa siku tano hakuna mkunga duniani aliyewahi kuwazalisha. Hakucheka. Idadi ikawa mia mbili na hamsini na tatu. Zahanati ikapona.

Nusu mwaka haukupita, ikaja barua ya pili. Ofisi ilikuwa imefurahi kuona kwamba eneo letu lina vijana wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo gari la wazee litachukua tu mzee asiye na mtu mzima mwenye nguvu nyumbani kwake. Wengine wasaidiwe na watoto wao. Orodha yangu ilikuwa na wazee thelathini na mmoja. Wakabaki wanane, wale wasio na mtoto hata wa safarini. Jina la Mama halikuwamo.

Ningeweza kuwabeba kwa wizi, na nilitaka. Lakini hospitali walikuwa wanasoma orodha hiyo hiyo kabla ya kumwona mgonjwa na kumpa dawa. Nikaenda ofisini kwa hasira zangu zote. Karani, kijana mpole mwenye tai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, mbona jambo dogo," akasema. "Kuna fomu ya masahihisho. Mwenye nyumba aweke dole gumba kwamba fulani haishi kwake, tunamfuta, yeye anarudi kwenye gari. Ila mkumbuke, kila anayefutwa anapunguza idadi. Mpaka wenu mnaujua."

Mia mbili na hamsini na tatu toa mia mbili na hamsini. Fomu tatu. Wazee waliotemwa walikuwa ishirini na watatu.

Shemeji alikaa kwenye benchi la zahanati na majina yale mchana kutwa. Anawajua wote, shinikizo la damu la huyu, figo za yule. Nikamwambia Mama awe wa kwanza, hapo hakuna mjadala.

"Ndiyo maana siwezi kumweka mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewatia watu hawa shimoni. Nianze kumtoa mama yangu?"

Tukaenda kwa Mama, aamue mwenyewe. Shemeji alimweleza kila kitu, hata kosa lake, hakujificha. Mama akauliza wengine walio hatarini ni nani, akasomewa majina. Alisugua goti.

"Hizo tatu wape wengine," akasema. "Mimi nina mtoto nyumbani."

"Mama, tafadhali."

"Uliandika kwa mkono wako kwamba yupo. Leo unataka mimi nikuumbue?"

Shemeji akapiga magoti, akamshika ile miguu iliyovimba. Mama akampapasa kichwa na kumwambia ainuke, sakafu ni chafu. Mpaka leo sijui alikuwa akiwapa wenzake nafasi, au akimlinda binti yake, au hakuweza tu kumfuta mwanawe. Nilikasirika. Nilimkasirikia hata yeye, na kumkasirikia mama mkwe ni jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Fomu tatu zikaenda kwa fundi viatu wa relini, kwa mfugaji mmoja kipofu, na kwa bibi wa mgodini aliyekuwa na moyo kama wa Mama. Yule bibi, kwa hisani yake, akawa anamgawia Mama vidonge vyake. Vya mtu mmoja havikutosha watu wawili. Kila mwezi Mama alihitaji mto mmoja zaidi ili aweze kupumua akilala, na kila mwezi alisema hajambo.

Alifariki asubuhi, mwezi wa nne baada ya hapo. Shemeji ndiye aliyemkuta. Tulimpigia mziwanda simu siku mbili, haikupatikana. Tulimzika, na nadhani kila mwenye miguu katika nchi hii alifika, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wote pamoja. Hawakujaa hata uwanja wa zahanati. Shemeji hakulia kaburini. Alipanga watu, aligawa maji, alimshikia bibi wa mgodini mkono.

Siku ya pili nikamkuta mezani kwake. Mbele yake kulikuwa na fomu ya taarifa ya kifo, ile ya kupeleka mjini, haijaandikwa hata herufi. Tangu fomu zile tatu alikuwa amezaliwa mtoto mmoja na amekufa mzee mwingine mmoja, kwa hiyo tulikuwa mia mbili na hamsini kamili. Hiyo ni pamoja na Mama, aliyekuwa bado hajafutwa.

"Mke wa fundi baiskeli ana mimba ya miezi saba," akasema, hakuninyanyulia uso. "Miezi miwili, shemeji. Mtoto akizaliwa, siku hiyo hiyo nitaandika Mama amekufa."

Nikamwambia akiandika sasa hakuna atakayemlaumu. Akasema wakifunga, yule mwanamke atajifungulia wapi, barabarani? Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akiwa ameifunika ile fomu kwa mikono miwili. Nilikaa kwenye benchi nikamsubiri, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Alhamisi nikawapeleka wazee wangu mjini. Karani akanigongea mihuri karatasi zangu, akaifungua orodha ya wakazi wetu, akapitisha kalamu, akainua macho.

"Huko kwenu hakuna mabadiliko mwezi huu?"

"Hakuna."

"Na mama mkwe wako je, yule uliyesema alikataa fomu?"

"Hajambo," nikasema.

"Msalimie sana."

"Zimefika."