Hetty wa Namba Nne

Vitabu vya serikali viliiandika Nyumba ya Maskini, mahali walikopelekwa wasio na kitu, wakafanyishwa kazi ili wapate kula. Kwenye mtaa wa akina Hetty Duckworth, katika mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, watu walisema Kule Juu, wakaelekeza kidevu mlimani, basi. Ukiacha taa inawaka mchana, unaulizwa kama unawatakia wenzako Kule Juu. Mume akipenda baa kuliko kazi, majirani wanamhurumia mkewe kwamba safari ya Kule Juu imeiva. Baadaye serikali iliwaondoa maskini, ikaweka vitanda na madaktari, ikapaka kuta rangi na kubandika kibao kikubwa cha hospitali. Mtaa ulikisoma kibao, ukakipuuza. Hata mwaka 1971 watu walikuwa wanatolewa mawe ya figo Kule Juu.

Hetty alikuwa mfumaji kwa miaka arobaini na tatu, na mdomo wake haukuwa na breki. Wafumaji wote walijua kuzungumza kwa midomo bila sauti, maana kelele za mitambo zilimeza maneno. Hetty alijua hivyo, na alijua kupaza sauti pia, hasa akigombana na Elsie Pickup, mfumaji mwenzake na jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Baba yake Elsie alifia Kule Juu, mzee wa watu, amevalishwa sare ya mistari ya maskini wa huko. Elsie akianika shuka zikavuka mpaka, Hetty anamkumbusha mistari. Elsie akinunua kofia mpya, Hetty anamkumbusha tena.

"Mwenzio nimezaliwa Namba Nne, Spring Bank," alikuwa akisema. "Nyumba yenye bustani. Cheti ninacho."

Na kweli alikuwa nacho, ndani ya kopo la biskuti. Nyumba yenyewe hakuwahi kuiona. Spring Bank ilikuwa huko mlimani, na mama yake alimkataza mlima ule tangu utotoni. Hetty naye aliapa hatakanyaga huko akiwa hai, na akifa wamzungushe njia nyingine.

Kilichomponza ni kizingiti. Wanawake wa mtaa ule walisugua vizingiti vya milango kwa jiwe mpaka viwe vyeupe, na siku hiyo Hetty aliona cha Elsie kinang'aa kuliko chake. Akasugua kwa hasira, akainuka kwa pupa, akateleza. Nyonga ikavunjika. Aliyemwinua ni Elsie.

Daktari alisema apasuliwe haraka, la sivyo hatasimama tena, na kitanda kilikuwepo mlimani tu.

"Basi nitakaa," Hetty akasema.

"Ukae, halafu nani akupeleke chooni?" Elsie akauliza. "Mimi? Thubutu."

Hilo likamaliza ubishi. Alikubali kwa sharti moja: aende na koti lake na kofia yake kichwani, kwa sababu Kule Juu walianza kwa kukuvua nguo zako na kukuvalisha mistari. Akabebwa kwenye machela na kofia ya manyoya, amenuna kama malkia aliyepinduliwa. Elsie alimfuata na kopo la biskuti.

Mapokezi palikuwa na mzee mwenye miwani mizito, anajaza fomu. Jina. Umri. Mahali pa kuzaliwa.

"Namba Nne, Spring Bank," Hetty akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote waliokaa kwenye benchi.

Mzee akaweka kalamu chini. "Karibu nyumbani, mama."

"Usinitanie, baba. Nina maumivu."

"Sikutanii. Namba Nne ndiyo hapa, anwani ya lango la nyuma. Enzi zile mtoto akizaliwa humu, karani alikuwa haandiki Nyumba ya Maskini kwenye cheti. Nani angempa kazi? Aliandika Namba Nne. Nimeshawapokea wengi tu, na wote wanaitaja kwa madaha hivyo hivyo."

Hetty akalitazama kopo la biskuti mikononi mwa Elsie. Alimchukia mama yake kwa dakika nzima. Halafu akamwona akilini: binti wa miaka kumi na tisa, anapanda mlima peke yake na tumbo, anashuka na kichanga, na kuanzia siku hiyo haangalii tena upande ule. Bustani aliitoa wapi, maskini? Machozi yakamtoka Hetty na hakuyafuta. Akavua kofia mwenyewe.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Akamgeukia Elsie, akaongea kifumaji, midomo tupu.

"Utawaambia?"

Miaka thelathini ya kukumbushwa mistari ilikuwa inasubiri jibu. Elsie akajibu kwa midomo vilevile, taratibu, ili kila neno lisomeke.

"Baba yangu alikufa kwenu na hakuna aliyempa hata chai. Pona kwanza, nikutukane vizuri."

Asubuhi iliyofuata Elsie alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa Hetty, anasugua kizingiti kisichokuwa chake. Majirani wakakusanyika na vikombe vyao vya chai, wana hamu ya kucheka.

"Kumbe yule mwenye maringo naye kaishia Kule Juu?"

Elsie hakuinua kichwa.

"Hetty yuko hospitali," akasema.

"Hospitali gani?"

"Hospitali," akasema Elsie, akaendelea kusugua.