Pombe ya Mashine ya Geresom

Nanyama aliitwa na mfilisi, yule anayewekwa kukusanya mali ya kampuni iliyofilisika ili wanaoidai wapate chao, na mtaa mzima wa Walukuba ukajua kabla chai haijapoa. Mpishi ahojiwe! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hawakujua kwamba mkono wa mfilisi ni mrefu: humwita yeyote anayedhaniwa kujua mali ilipo, awe mkurugenzi au msonga ugali, akamhoji kwa kiapo.

"Wacheke," alisema Nanyama. "Mimi nitaenda."

Kampuni ilikuwa ya Geresom, mtoto wa kaka yake, iliyokamua mafuta ya alizeti hapo Jinja. Nanyama aliwapikia wafanyakazi tangu mwanzo, na hakuna mashine iliyowashwa bila pombe yake ya ulezi. Wafanyakazi waliinywa kwa mirija, kidogo kikamwagwa chini ya mashine, ndipo umeme ukaruhusiwa. Mafundi wa kutoka Kampala waliguna, lakini nao walikunywa.

Kampuni ilipoanguka, mashine kubwa ikatoweka. Geresom akadai imeibwa. Mjanja huyo! Alikuwa ameihamishia Mbale, kwenye banda moja la Namakwekwe, akafunga milango na kuwanyamazisha walinzi. Kisha akaogopa kuiwasha kavukavu, akamwita shangazi yake aje apike pombe, akimdanganya kwamba ameinunua upya kihalali. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikomea kwenye chungu cha pombe. Nanyama akaenda, akaipika; wito wa mfilisi ndio uliomfumbua macho.

Asubuhi ya kuhojiwa, Geresom alimsubiri mlangoni mwa ofisi ya mfilisi.

"Shangazi, wewe sema tu hujui. Ukisema, mimi nakutoa kwa ukoo. Hata kuzika wewe sitakuja."

"Na wale wafanyakazi waliungua mikono na mafuta yako? Mpaka leo hawajapata kitu."

"Hao si ndugu."

Nanyama alichemka. Hao ndio aliowapakulia chakula miaka yote, akawauguza, akawazikia watoto. Lakini maneno ya kuzikwa yalimchoma pia, kwani hakuzaa, na Geresom ndiye mwana aliyebaki kumtupia udongo. Aliingia ndani kwa hasira na kwa uchungu, Geresom akimfuata.

Mfilisi alikuwa mwanamke aitwaye Aber, mtoto wa askari aliyekulia kambini kwenye Kiswahili cha wanajeshi, nacho kilimtoka bila shida. Nanyama alipokwisha kula kiapo, wakili wa Geresom akainuka haraka.

"Huyu ni mpishi tu. Anajua nini ya kampuni?"

"Kaa, bwana," alisema Nanyama. "Hawajaita wewe."

Aber alificha tabasamu. "Mama, hiyo mashine iko wapi?"

Geresom akakohoa. Nanyama akamgeukia, akamkumbuka kijana aliyesimama mbele ya kisu cha tohara, amepakwa unga wa ulezi, kijiji kizima kikimkodolea macho.

"Geresom, siku ya kisu ni mimi nilipika pombe yako. Ulisimama wima, hukupepesa macho hata kidogo. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea. Leo unataka shangazi yako apepese?"

Nanyama akamrudia Aber.

"Iko Mbale, Namakwekwe, kwa banda ya mabati nyuma ya soko. Kama huamini, inama unuse chini yake. Pombe yangu bado inanuka."

Geresom akainamisha macho. Nanyama hakuyapepesa yake.