Mbegu za Pamba Juu ya Moshi

Ilianza Jumanne ya wiki ya Noeli, saa mbili ya asubuhi, wakati monitere, msimamizi wa pamba wa serikali, aliposimama katikati ya shamba letu asione kitu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo kutoka shule ya masista ya Kasongo. Kwetu ni upande wa Wamaza, kando ya njia iendayo Kabambare. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mama yake ambaye ni nyanya yangu, na mimi. Mama yangu alifariki kabla sijajua kumkumbuka. Kila mwaka kila nyumba inapewa mbegu za pamba na kupimiwa shamba kwa kamba. Hakuna anayeulizwa kama anataka. Asiyepanda ana kesi, na aliyepanda vibaya ana kesi vilevile.

Shamba la baba lilikuwa limelimwa vizuri, mistari imenyooka, magugu hakuna. Pamba pia hakuna. Monitere, kijana mweusi mwenye soksi ndefu na kofia ya kazi, alichuchumaa, akafukua kwa ncha ya kisu, akatoa mbegu moja na kuipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa kavu, rangi ya tumbaku. Akaiweka kwenye kiganja cha baba kama mtu anayerudisha kitu kilichooza sokoni.

“Mulizipika.”

“Hapana, monitere.”

“Mbegu haijiui yenyewe, mzee. Mulizipika, na mutaeleza mbele ya chefu.”

Jirani yetu, mama mmoja ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuwa anapita na jembe begani. Alingoja monitere apande baiskeli yake, kisha akamwita nyanya kutoka njiani:

“We mama! Hata kupika hamujui? Watu wanapika zile za pembeni tu! Ninyi mumeweka chungu kizima?”

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanamfuata monitere mpaka akapotea. Hiyo ilikuwa siri ya kila mtu. Nyumba nyingi zilitia sehemu ndogo ya mbegu katika maji ya moto, ili shamba lipate vipara viwili vitatu na kazi ya kupalilia ipungue. Ukiulizwa unasema ni kanga, ni panya. Sisi tulikuwa nyumba ambayo haikupika hata moja.

Kosa letu lilikuwa lingine, nami nililiona nilipoingia jikoni na kuangalia juu. Nyanya ana uchaga wake wa miti juu ya mafiga. Pale ndipo zinapokaa mbegu zote anazozitegemea: mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, karanga za kupanda, mbegu za maboga ndani ya kibuyu. Moshi unazipita usiku na mchana, wadudu wanaogopa. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Mfuko wa pamba ulipoletwa, watu wengine waliutupa chini karibu na mbuzi. Nyanya aliuinua, akaupandisha juu pamoja na wenzake.

“Mbegu ni mbegu,” alimwambia baba. “Yenyewe haikutukosea.”

Mahindi yanavumilia moshi. Pamba ina mafuta, na mwaka huu mvua ilikuwa nyingi, moto haukuzimwa. Zilikauka mpaka moyoni. Nyanya alishusha mfuko mtupu, akaunusa, akakaa nao mapajani.

Jioni ile ile kapita, msimamizi wa kijiji, alipita na neno la chefu. Alhamisi asubuhi baba afike barazani. Fimbo, mbele ya watu wote, ili wapishi wengine waone. Na Bwana Administrata mwenyewe, Mzungu mkuu wa eneo letu, ambaye alikuwa anapita kwenda Kabambare, angekuwepo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu baba. Baba havui shati. Shambani jasho linamshika mpaka kitambaa kinakuwa cheusi mgongoni, havui. Mtoni anashuka peke yake, mbali, nyuma ya matete. Nilipokuwa mdogo watoto wenzangu walinitania: “Baba yako alizaliwa na shati?” Nilimuuliza siku moja, akaniambia ana baridi. Nilikubali. Mtoto anakubali mengi.

Na lazima niseme habari ya masista. Muhula ule wa kabla ya likizo, sista mzee anayetufundisha Kifaransa alifunga kitabu cha vitenzi katikati ya somo. Alituambia kwamba baada ya vita vya Ulaya mataifa yalikutana yakaandika haki za binadamu, na kati ya hizo iko moja inayosema mtu asiteswe, wala asipewe adhabu ya kumshusha utu wake. Msichana wa mbele akanyoosha kidole:

“Ma sere, hata sisi?”

Sista aliweka kitambaa cha ubao chini.

“Kila mtu,” alisema. Kisha akafungua kitabu, tukarudi kwenye vitenzi.

Maneno hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani yangu tangu siku hiyo, kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Jumatano, wakati baba anasuka kamba mlangoni, nilikaa karibu naye.

“Baba, niache niseme na Bwana. Kifaransa nakijua.”

“Utasema nini, mama?” Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

“Nitasema fimbo imekatazwa. Mataifa yamekataa.”

“Mataifa gani?”

“Yote.”

Akavuta kamba, akaipima kwa jicho.

“Na hayo mataifa yanajua Wamaza iko wapi?”

Akatabasamu kidogo, si kwa kunicheka.

“Acha, mama. Fimbo mimi naijua.”

Nilifikiri ni ushujaa. Nilifikiri anasema hivyo ili nisiogope.

Alhamisi alfajiri alinipa pakiti ya chumvi, akaniambia niipeleke kwa shangazi, kijiji cha pili, nikae huko mpaka jioni. Nilikataa. Sijawahi kumkataa baba. Aliniangalia kama anataka kusema kitu, nyanya naye akatazama chini, kisha baba akaweka chumvi juu ya kinu na sote watatu tukaondoka.

Barazani watu walikuwa wamejaa. Polisi alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, ile fimbo ya ngozi ya kiboko imening'inia mkononi mwake kama kitu kilicholala. Bwana Administrata alikaa kwenye meza pembeni ya chefu. Alikuwa kijana, pua yake imeungua na jua, anakunywa kahawa. Kesi ilikuwa fupi. Monitere alisema yake. Nyanya akaombwa aseme, naye akaeleza yote, polepole, kwa heshima: uchaga, moshi, mahindi, mama yake, mvua ya mwaka huu. Alionyesha hata kwa mikono jinsi alivyoupandisha mfuko. Mkalimani alingoja amalize, akageukia meza na kusema kwa Kifaransa:

“Aliziweka juu ya moto.”

“Basi anakubali,” alisema Bwana.

Hapo ndipo nikajua kwamba kati ya watu wote waliosimama juani, ukiacha mkalimani, mimi peke yangu nilikuwa nimesikia pande zote mbili. Mimi ni mtu ambaye darasani akiitwa anaangalia vidole vya miguu yake. Sijui nani alinisukuma, labda hakuna. Nilijikuta mbele ya meza.

Nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, na kosa moja la kitenzi nalikumbuka mpaka sasa. Nilisema kwamba nyanya alizitunza mbegu kama mbegu zetu wenyewe, hakutaka kuziua. Nilisema mataifa yameandika kwamba mtu asipewe adhabu ya kumshusha. Nilisema: kila mtu.

Bwana Administrata aliweka kikombe chini. Aliniangalia kama mtu aliyeona mbuzi anasimama kwa miguu miwili.

“Nani alikufundisha haya?”

“Shuleni, Bwana.”

Akamgeukia chefu, akazungumza, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

“Huyu binti anasema kweli. Wakati unabadilika. Fimbo ni kitu cha zamani, na siku hizi dunia inatuangalia.” Akampa polisi ishara. “Weka hiyo chini.”

Fimbo ikawekwa chini. Watu wakanung'unika kwa mshangao, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele kifupi, akakikata. Nilisikia joto usoni. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Wamaza.

“Lakini sheria ya pamba inabaki,” alisema Bwana. “Atafungwa buloko ya Kabambare, atafanya kazi ya barabara mpaka pamba ya wenzake itakapouzwa. Hiyo ndiyo adhabu ya watu waliostaarabika.”

Akanitikisia kichwa, kama tumekubaliana.

Polisi alileta jezi ya wafungwa, ile ya mistari. “Vua,” alimwambia baba.

“Nitaivaa juu.”

“Vua, mzee. Usinisumbue.”

Baba aliniangalia mimi, si polisi. Halafu akafungua kifungo cha shingoni, na cha pili, na vingine, akavua shati, na akageuka kuchukua jezi.

Niliona mgongo wake. Ulikuwa shamba lililolimwa na mtu mwenye hasira, matuta juu ya matuta, mengine yamepandiana, mengine yamekatika na kuanza tena pembeni. Ngozi ilikuwa inang'aa mahali ambapo haitoi jasho. Wazee walitazama chini, na nikaelewa kwamba wao walikuwa wanajua, walikuwa wamesimama pale siku ile ya zamani alipopigwa. Bwana alitazama kahawa yake. Baba akavaa mistari, akafungiwa katika chumba nyuma ya baraza angoje safari ya kesho.

Shati lilikuwa limeanguka. Nyanya aliliokota, akalikung'uta, akalikunja.

Njiani nilimuuliza kama ilikuwa pamba vilevile.

“Hapana, jina yangu. Ilikuwa mpira. Wakati wa vita ya Wazungu walituma wanaume mu pori kutafuta mpira wa miti. Yeye alirudi na kikapo pungufu.” Alitembea kidogo. “Wewe ulikuwa unatambaa. Akasema, huyu mutoto asinione hivi. Leo alitaka uende kwa shangazi yako.”

“Nilitaka kumsaidia.”

“Najua.” Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeulizia mvua: “Fimbo inaisha asubuhi moja, mutu anarudi kwake. Sasa nani atalima?”

Sasa niko Kasongo tena, na ninaandika haya kwa sababu siwezi kuyasema. Sista anapopiga mistari ubaoni kwa rula, chaki ikilia, ninaona mgongo ule. Ninauona katika barabara baada ya mvua, katika maji ya mto yakipigwa na upepo. Nikiamshwa na kengele ya misa, unatangulia kuamka. Mara nyingi nimetaka kumuuliza sista kama ile “kila mtu” yake inajua njia ya kufika kwetu. Siulizi. Si kwamba nafikiri alisema uongo. Ninaamini neno lile, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba ni la kweli, lilifika barazani, polisi akaliwekea fimbo chini, na baba yangu akaenda nalo Kabambare.

Lakini nataka kuandika pia asubuhi iliyofuata, Ijumaa. Niliamka kabla ya nyanya, nikachukua shati, nikakata njia ya mkato mpaka pale barabara inapoingia msituni. Wafungwa walikuja wanne, na polisi yule yule nyuma yao. Nilisimama katikati ya njia. Sikutumia Kifaransa.

“Afande, nimeleta nguo ya baba yangu.”

“Mufungwa havai nguo ya nyumbani, binti. Unajua.”

“Avae ndani. Mistari ibaki juu.”

“Wewe na maneno yako,” alisema. “Jana haikutosha?”

“Atatoka jasho mbele ya watu,” nilisema. “Jezi itashikana na mgongo, watauona.”

Polisi aliangalia barabara mbele, akaiangalia nyuma. Kisha akaenda kusimama kando, uso kwenye miti, kama mtu anayejisaidia, akakaa hapo. Nami nikageuka, nikampa baba mgongo wangu, shati nimelinyoosha nyuma kwa mkono mmoja mpaka nikasikia limechukuliwa. Nilipogeuka tena, kola yake ilikuwa imetokeza juu ya mistari, na kifungo cha shingoni alikuwa amekifunga.

“Rudi, mama,” alisema. “Jua linapanda.”

Nilirudi. Nyanya alikuwa tayari shambani na mfuko mpya ambao monitere alikuwa ametuachia ili tupande upya, ameuweka chini, mbali na nyumba, mbali na moto. Nilichukua jembe la baba, nikaanza kufungua mashimo pale nyanya alipokuwa amefika.