Nambari ya Penseli

Maktabani walimwita Mama Meseji, na jina likamkaa. Kabla yake, vitabu vilivyoombwa vilikuwa vinalala rafuni wiki nzima, maana wenyewe hawakujua vimefika. Yeye akapewa simu ndogo ya ofisi, ikawa kila asubuhi anawaandikia watu. Mkutubi mkuu alimwambia aandike tu, "Kitabu ulichoomba kimefika." Akaona huo ni uvivu. Mtu ameomba vitatu, atajuaje ni kipi? Kila ujumbe akautia jina la kitabu, watu wakaja mbio, naye kichwa kikamvimba.

Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole, mwenye mikono mirefu ya nguo hata jua likiwa kali. Kadi yake aliijaza kwa nambari ya mumewe, kwa kuwa hakuwa na simu. Baada ya miezi akarudi, akainamia kaunta.

"Dada, nimepata laini yangu. Ile ya mwanzo ifute, tafadhali."

"Hilo tu? Ondoa shaka."

Mama Meseji akaiandika nambari mpya kwa penseli nyuma ya kadi, aje aiingize kwenye simu akipata nafasi. Siku hiyohiyo fundi aliomba kitabu kwa kunong'ona: cha sheria ya ndoa, chenye sura ndefu ya talaka. Nakala ilikuwa moja, na ilikuwa kwa mtu.

Ilirudi Jumanne. Mama Meseji akatafuta jina la fundi kwenye simu, akaandika jina la kitabu lote, neno kwa neno, akatuma. Jibu likaja hata chai hajamaliza.

"Asante. Nitapita kumchukulia."

Kumchukulia. Akasoma tena. Akavuta droo ya kadi, akaigeuza ya fundi, na ile penseli ikamkodolea macho. Chai ikamshinda.

Alipiga nambari ya penseli. Haipatikani. Akaitumia meseji: "Mumeo amejua. Nipigie kabla hujarudi nyumbani."

Saa sita akaingia mwanamume mwenye shati lililonyooka kwa pasi, adabu tele.

"Habari za kazi, mama. Nimefuata kitabu cha mke wangu."

"Kimechukuliwa," alisema, nacho kiko chini ya kaunta kinamgusa goti.

"Amekuja mwenyewe?"

"Hapana, msomaji mwingine. Tulikosea. Ule ujumbe haukuwa wake."

Mwanamume akatabasamu. "Usijisumbue, mama. Sina haja na kitabu. Nilitaka kuhakikisha tu kwamba ni maktaba kweli iliyoandika."

Akashukuru, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Kuanzia hapo jina la kitabu halikuandikwa tena, na nambari zote za nyuma ya kadi ziliingizwa kwenye simu. Kazi ya kuziba bomba, nyumba imeshajaa maji. Kitabu kilichoombwa hungoja siku saba. Cha fundi akakiongezea saba, na saba nyingine, na nyingine tena.

"Unamfugia nani hicho?" mkutubi mkuu akamuuliza.

Akakisukuma ndani zaidi chini ya kaunta.

Wiki ya tano akaja mwanamke, sura ileile ya fundi, akaweka kadi ya uanachama ya fundi kwenye kaunta.

"Dada yangu anasema asante. Mfute kwenye simu yenu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo."

"Mzima?"

Mgeni akatazama mlango. "Hashoni tena. Mkono."

"Mwambie mimi..."

"Simwambii kitu, mama. Hata ile laini aliyoificha, ujumbe wako uliingia mumewe akiwa ameishika simu. Umemwandikia vya kutosha."

Hakupandisha sauti. Akaondoka.

Mama Meseji alifuta nambari ya kwanza, kisha ya penseli. Kwenye orodha ya waliokuwa wakikingoja kile kitabu palibaki jina moja, la mwanamke asiyemjua. Akachukua simu. Akaandika: "Kitabu ulichoomba kimefika." Akaisoma nambari tarakimu kwa tarakimu, mbele ya kadi na nyuma yake, na bado kidole kikakataa kutuma.