Mbuzi Mmoja kwa Kila Salamu

Wageni wakija kuuliza jinsi tulivyojichimbia mtaro wa intaneti, watu wa kitongoji chetu hunisukuma mbele niseme mimi. Wageni hupenda kusikia habari za umoja. Nawapa umoja, nawapa na soda, wanaondoka wameridhika. Ukweli sijawahi kuwaambia. Mtaro ule ulichimbwa kwa sababu nilimchukia mwanamume mmoja, na nilimchukia kwa bidii, kila siku, kama mtu anavyopalilia shamba.

Alikuwa jirani yangu. Yeye ndiye aliyesimamisha nguzo ndefu ya chuma nyuma ya nyumba yake, akafunga dishi juu, akavuta mtandao wa hewani kutoka Bariadi mjini na kuanza kuuza vocha za waifai. Kijiji chetu kiko bondeni, nyuma ya mawe makubwa. Simu hupitisha sauti na meseji, tena kwa kubahatisha, lakini kurasa za intaneti hazifunguki. Kila mwenye shida ya mtandao alikuwa mikononi mwake, na mimi zaidi ya wote, maana nina duka la steshenari pale senta. Natoa kopi, najaza fomu za watu, nachapa barua na risala za harusi. Bila yeye nilibaki na mashine ya kopi na vumbi lake.

Siku moja, kwenye mkutano wa kitongoji, nilisimama nikasema kwamba mtandao wake ukiona wingu tu unakufa, na yeye anaendelea kuuza vocha. Watu wakacheka. Nami nilipoonja kicheko nikaongeza kwamba lile dishi lingefaa zaidi kuanikia dagaa wa Lamadi. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.  Yeye aliinuka, akakung'uta suruali yake, akaondoka kabla ya dua ya kufungia.

Wiki hiyohiyo ikafika siku ya mwisho ya maombi ya vyuo vya afya. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa na alama za kusomea uuguzi, na tangu shule ya msingi hakuwahi kutaka kazi nyingine. Tulikuwa katikati ya fomu dukani kwangu mtandao ulipokatika. Nikatoka nje. Vijana waliokaa mbele ya geti lake walikuwa wanaangalia mpira kwenye simu zao bila shida yoyote. Alikuwa amebadilisha nywila ya duka langu tu.

Nikaenda kugonga. Geti halikufunguliwa, ingawa nilimsikia akikohoa ndani. Tukachukua bodaboda hadi mjini, na tulipofika mfumo ulikuwa umezidiwa, unazunguka tu, mpaka ukafungwa. Binti yangu hakulia mbele yangu. Aliirudisha bahasha ya vyeti kwenye mkoba, akaniambia turudi nyumbani giza lisitukute njiani. Mwaka mzima uliofuata aliuza peni na madaftari dukani kwangu, na kila mteja aliyemuuliza mbona hayuko chuoni alinichoma mimi.

Nilikuwa nimesikia kwamba waya wa faiba umelazwa kandokando ya lami ya kwenda Lamadi. Nikaenda kwenye ofisi ya kampuni moja mjini. Wakaniambia hawana mpango wowote na kijiji chetu, ila kama sisi wenyewe tungechimba mtaro wa kina cha goti kutoka barabarani hadi shuleni, wao wangelaza waya, halafu tungesambaziana kutoka pale. Nadhani walisema hivyo ili niondoke ofisini. Niliondoka nikiwa na barua yao yenye mhuri.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa wakulima wa pamba niliongelea bei. Kwa wafugaji nilisema wataijua bei ya ng'ombe mnadani Bukundi kabla hawajawatoa zizini. Mchungaji nilimwonjesha ndoto ya kwaya yake kuonekana mpaka Dar, na muuguzi wa zahanati nikamkumbusha taarifa zake ambazo hazitumwi mpaka apande juu ya mawe. Kila mtu nilimpa sababu yake. Ya kwangu nilibaki nayo tumboni, ikinipa nguvu kuliko ugali.

Tuligawana kazi kwa vipande, kama tunavyolimiana mashamba. Kila kaya hatua ishirini, zinapimwa kwa miguu ya mtu mmoja ili pasiwe na maneno, na asubuhi filimbi ikilia kila mtu anatoka na jembe lake. Desturi hiyo tumeikuta. Filimbi ikilia na usitoke, na huumwi wala hujafiwa, unatengwa. Hakuna wa kukusalimia, wa kukuazima chumvi, wala wa kukaa kwenye benchi moja na wewe.

Siku ya kwanza ya mtaro hakutoka. Nilijua hatatoka. Mtu gani angechimba mtaro wa kuua biashara yake? Kwa kweli niliomba Mungu asitoke, na jembe langu lilikuwa jepesi asubuhi ile kwa furaha.

Kwenye mkutano wazee walitaka atozwe faini yaishe. Mwenyekiti alinigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mtu hatengwi kwa sababu ya waya."

"Hatengwi kwa sababu ya waya," nikamjibu. "Anatengwa kwa sababu filimbi imelia na yeye kalala. Au siku hizi filimbi inamhusu maskini tu?"

Hapo niliwapata. Nikawaongezea na sharti langu mwenyewe, kwamba atakayemsalimia atatoa mbuzi mmoja, kila salamu na mbuzi wake. Mke wake na watoto wasiguswe, nilisema, ili nionekane mwenye huruma. Niliuandika uamuzi ule kwa mkono wangu, nikauchapa dukani, nikaupiga laminesheni ili mvua isiuharibu, nikaugongelea misumari kwenye ubao wa ofisi ya kitongoji.

Sitasema uongo, nilifurahi. Nilikuwa nasimama mlangoni pa duka asubuhi nikimtazama akipita. "Mwangaluka," anamsalimia mzee huyu, na mzee anajifanya anatafuta kitu mfukoni. "Mwangaluka," anawaambia akina mama wa bombani, na ndoo zinapandishwa vichwani haraka. Baada ya wiki chache akaacha kusalimia. Alianza kutembea akiangalia chini, na mimi nikaanza kumwagilia maua mbele ya duka, kazi ambayo sikuwahi kuifanya maishani, ili tu niwe nje wakati anapita. Vocha zake hakuna aliyenunua. Nilimwangalia akikonda, nikala vizuri.

Bado hilo halikunitosha. Njia fupi ya mtaro ilipita mbele ya geti lake, kando ya barabara ya kijiji. Mimi nikakataa. Nilisema waya wetu hautapita pale akauangalia akiwa amekaa barazani, au akatafuta namna ya kuutoboa. Nikatoa shamba langu la pamba, bure, mtaro uzunguke nyuma kupitia huko. Watu walinisifu kwa kujitolea. Ila mzunguko ule uliongeza mamia ya hatua, na watu walikuwa wamechoka, na udongo wa shamba langu ni ule mweusi wa mbuga ambao mvua za kwanza zikiugusa unang'ang'ania jembe kama ugomvi. Nikasema tufunge ng'ombe. Tukapitisha plau mara mbili, tukalaza waya kwenye mfereji wa plau, tukafukia. Fundi wa kampuni aliuliza kama kina kinatosha. Nikamwambia kinatosha, na mwezi uliofuata nikapanda pamba juu yake.

Mtandao ukaja. Siku hiyo shuleni palikuwa na nderemo ambazo hata harusi sijaziona, na mimi nilicheza mpaka kanga ikadondoka. Binti yangu alisimama pembeni. "Mama," aliniambia tulipokuwa tunarudi, "mbona leo ulikuwa unacheza huku unaangalia kwake?"

Mwaka ukazunguka. Binti yangu akaomba tena chuo, kwa mtandao wetu safari hii, na awamu ya kwanza hakuchaguliwa. Dirisha la pili likafunguliwa kwa siku chache. Yeye alikuwa anasubiri cheti cha kuzaliwa kilichokuwa kinarekebishwa jina, nacho kikaja asubuhi ya siku ya mwisho. Alisema atamaliza kupanga madaftari ya wateja, kisha ajaze mchana.

Bwana shamba naye alikuwa ametangaza kwamba masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa, maana ni sheria, wadudu wasivuke msimu. Mimi ni mtii wa sheria. Asubuhi hiyohiyo nilikusanya miti ya pamba katika shamba langu, nikaipanga kwa malundo, nikawasha. Niliwasha juu ya mfereji wa plau. Nilisimama pale nikiota moto wangu, nikiwa na amani kabisa, mpaka nilipopata harufu ya plastiki.

Nilikimbia. Dukani taa ya ruta ilikuwa nyekundu na wateja watatu wananilalamikia. Binti yangu hakuwepo. Nikajua kapanda kwenye mawe kutafuta mtandao wa simu, nikapanda na mimi, magoti yakilia, nikamkosa. Nikauliza kituo cha bodaboda, hawakumwona. Mama muuza maandazi ndiye aliyenionyesha, kwa kidevu tu, upande wa geti ambalo sote tulijizoesha kutoliangalia.

Lilikuwa wazi. Barazani, binti yangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya yule mwanamume, na yeye kachuchumaa pembeni ameshika cheti cha kuzaliwa.

"Rudia kusoma, mwanangu," alikuwa anasema. "Hiyo ni tano au sita?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa sijaisikia muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimezuia isisikike. Nilisimama getini. Kichwa changu kilijaa mambo mengi na mojawapo, nakiri, lilikuwa kuingia na kumburuta binti yangu kwa mkono nje. Nyuma yangu watu walianza kusimama. Kila mmoja wao aliujua uamuzi uliokuwa ubaoni, na aliyeuandika.

Binti yangu akainua kichwa. Hakuonyesha hofu wala aibu. "Mama, wameandika wametuma namba kwenye simu ya mzazi. Angalia meseji, uisome."

Nikatoa simu. Meseji ilikuwa imeingia. Nikasoma tarakimu zile sita kwa sauti, nikiwa palepale getini, na yule mwanamume akazirudia mojamoja na binti yangu akaziingiza. Kisha wote wawili wakakaa wakiangalia kioo, na mimi nikawaangalia wao.

"Imekwenda," binti yangu akasema.

Mwanamume yule akafunga kompyuta taratibu. Akamkabidhi binti yangu bahasha yake ya vyeti, akamtakia heri ya masomo, akamsindikiza hadi getini nilipokuwa nimesimama. Sikuwa nimepanga kitu chochote. Nilisikia mdomo wangu ukitoa salamu ya mchana, "Mwadila," mbele ya watu wote wale.

Alinitazama. Hakunikwepa macho, na hakuwa na hasira usoni. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti zaidi, "Mwadila, baba." Akalisukuma geti polepole, akalifunga, nikasikia komeo.

Binti yangu alichaguliwa. Yuko mwaka wa pili sasa. Mtaro tuliuchimba upya kwa jembe, kina cha goti, mbele ya geti lake, na kutengwa kwake kuliondolewa na mkutano uleule nilioushawishi. Mbuzi wa binti yangu nilimlipa. Wa kwangu wazee walisema sidaiwi, kwa kuwa sikuitikiwa, kwa hiyo hapakuwa na salamu. Nilimpeleka vilevile, nikamfunga kwenye nguzo ya ofisi ya kitongoji.

Sijamsamehe ule mwaka wa mtoto wangu. Siku hizi anasalimiana na kila mtu, anasimama na kucheka na akina mama wa bombani. Mimi namsalimia kila asubuhi akipita mbele ya duka, na bado hajaitika hata mara moja. Simlaumu kwa hilo. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeitika.