Mtumbwi wa Tatu wa Bazilio

Saa moja na nusu asubuhi, Bazilio Nsabimana amepiga magoti kando ya Mto Malagarasi, anagonga mtumbwi kwa kipande cha mti. Anagonga, anatega sikio, anasogea kidogo, anagonga tena. Katikati mlio unafifia. Mkono wake unabaki hewani.

"Mama Zena, huu usiingie majini," anasema.

"Si wewe uliyeniuzia?" anajibu Kuruthumu, mwenye mtumbwi, ambaye huvusha wakulima mto ukijaa. "Leo umepata mnunuzi wa bei kubwa Kibondo, ndiyo maana unausingizia ugonjwa."

Bazilio, miaka 46, mkazi wa Titye wilayani Kasulu, hununua mitumbwi mikongwe ya gogo, mingine iliyochongwa enzi za babu yake. Huondoa palipooza, huziba kwa kiraka cha mninga na lami, kisha huuza. Watu huipenda kuliko mipya. Wanasema mti mzee umeshatulia. Mtumbwi mmoja humpa shilingi 180, na kwa mwaka huuza minne au mitano. Nyumbani wanamtegemea watu tisa.

Kazi hii ina sharti. Mtumbwi uliotoka majini hulazwa kivulini miezi mitatu kabla ya kuzibwa, maana mti uliolowa huvimba na kuficha nyufa zake. Machi mwaka huu, 1977, wanunuzi walimharakisha. Alikausha kwa wiki mbili tu, akauza mitatu.

"Kosa langu," anasema. "Simsingizii mtu."

Agosti alikuta wa kwanza umepasuka kwa jua, ufa wa kuingia kidole. Wa pili aliufuata hadi karibu na Kakonko, ulikuwa vilevile. Tangu hapo hali akashiba. Mto huu una mamba, na abiria wengi wa Kuruthumu ni kina mama wenye watoto mgongoni. Mvua imeshanyesha mara mbili milimani.

Tatizo ni kwamba ufa wa huu wa tatu hauonekani. Lami aliyoipaka mwenyewe imeufunika.

"Mimi naona kiraka kizima," anasema Kuruthumu. "Kama una wasiwasi, panda wewe."

Bazilio hajui kuogelea. Anajifunga kamba kiunoni na kumpa ncha Tamimu, shemeji wa Kuruthumu.

"Fundi, ukizama nikuvute, au nikuache kwanza utubu?" Tamimu anatania. Hakuna anayecheka.

Bazilio anakaa juu ya kiraka chenyewe, anajisukuma. Hatua kumi kutoka ukingoni anajisogeza kidogo, kama abiria anavyofanya. Kiraka kinapasuka kwa mlio. Maji yanamfika vifundoni.

"Vuta! Tamimu, vuta!"

Kuruthumu anaingia mtoni hadi magotini, anaushika mtumbwi kwa mikono miwili. Ukishapandishwa, anakaa kwenye tope.

"Jumatatu ningepakia watu kumi na mmoja," anasema. "Zena wangu angekaa mbele." Kisha, kwa sauti ya chini: "Sasa nitawavusha na nini?"

Bazilio anafungua kamba kiunoni. Pesa za kurudisha hana. Ana mtumbwi mmoja nyumbani, uliolala kivulini tangu Mei na umeshazibwa, lakini Titye ni mwendo wa kutwa na mtumbwi unahitaji wabebaji wanane.

"Nikipata watu kesho, Jumapili utakuwa hapa. Safari ya kwanza nitakaa ndani mimi, hata bila kamba. Naomba tu mvua ingoje siku tatu."

Upande wa Kibondo kumeanza kunguruma. Kuruthumu anamwambia aondoke sasa hivi, chai atakunywa akirudi.