Krismasi ya Jirani Aliyenuna

Baba alipostaafu ualimu tulidhani atafuga ng'ombe, kama wastaafu wengine wa Lushoto. Yeye akaamua kufuga ndege wa porini, ambao hawafugiki. Alipigilia ubao juu ya nguzo karibu na mparachichi, na kila asubuhi akawa anaweka pale ndizi zilizoiva kupita kiasi, vipande vya papai, na maji kwenye mfuniko wa sufuria. Kisha anakaa barazani na kikombe cha chai, kimya, akiwaangalia kwa heshima ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuionja. Aliwapa na vyeo. Shore mwenye kelele alikuwa Mwenyekiti wa Mtaa. Chozi aliyenyonya maua ya mgomba alikuwa Bibi Harusi. Kuzumburu, wale wa rangi ya vumbi wenye kishungi na mkia mrefu, ambao hawatembei ila kwa kundi, waliitwa Kamati ya Chakula.

Mama hakumpinga, kwa sababu naye ana lake. Mama anafuma. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na ukikaa kwenye kochi muda mrefu bila kusogea unaanza kujihofia. Mimi huja kutoka Dodoma kila Krismasi, na kazi yangu pale nyumbani ni kula, kulala na kuchokoza watu. Mwaka huo nilimletea Baba zawadi ya darubini. Nilimaanisha aangalie ndege.

Upande wa pili wa ua wetu wa michongoma anakaa jirani, mzee mwenye miti ya plamsi inayojulikana mpaka sokoni. Plamsi huiva Desemba, nyekundu, tamu, na kuzumburu wanalijua hilo kuliko bwana shamba. Walikuwa wanafungua kinywa kwa ndizi za Baba, wakimaliza wanavuka ua kwenda kula chakula chenyewe. Jirani alivumilia. Alifunga kanda za kaseti kwenye matawi, kuzumburu wakazizoea. Mwishowe akasimamisha sanamu ya kutishia ndege, ya miti miwili na kichwa cha kiroba, na mkewe akaja kumwomba Mama nguo kuukuu ya kuivalisha. Mama akatoa koti la kijani la Baba, lile la viraka, ambalo alikuwa analichukia kwa miaka. Hakumwambia mwenyewe.

Sasa koti lile ndilo Baba alilokuwa akilivaa kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, anapokwenda kuweka ndizi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kesho yake kuzumburu walipomwona mtu wa koti la kijani amesimama katikati ya plamsi, mikono ameinyoosha, walijua wamekaribishwa rasmi. Walitua mabegani. Walitua kichwani. Baba, aliyekuwa amelitafuta koti nyumba nzima, aliliona kwa darubini likiwa limejaa Kamati ya Chakula, akacheka mpaka chai ikamwagika. Jirani akainua kichwa, akaona mwalimu mstaafu anamwangalia kwa mitambo na kumcheka juu ya hasara yake. Alinuna papo hapo, na alinuna vizuri, kama mtu aliyekuwa na akiba ya siku nyingi.

Ningefurahia ugomvi ule kwa roho safi, ila ulikuja wakati mbaya. Jirani ni Mwislamu, na tangu nikiwa mtoto ndiye anayetuchinjia kuku wa Krismasi. Huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Sikukuu ni ya Mkristo, kisu ni cha Mwislamu, na watu wa dini zote wanakula sufuria moja. Idi ikifika, sisi ndio tunaovuka ua. Na mwaka huo jogoo wetu alikuwa na kazi kubwa kuliko majogoo wote waliomtangulia, kwa sababu kaka yake Mama alikuwa anakuja siku yenyewe ya Krismasi.

Mjomba ni mkulima wa kabichi na karoti huko Lukozi. Yeye na Mama walizaliwa wawili tu, katika nyumba ya Kiislamu, na Mama alipoolewa na Baba akamfuata kanisani. Siku hiyo Mjomba alisema hatakula chakula cha mkono wake tena. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuacha kuja. Anakuja, analeta kabichi, anauliza habari za kila mtu, na chakula kikitengwa ana sababu yake. Ametoka kula sasa hivi. Tumbo halimkai vizuri. Amefunga sunna. Nadhani hakuna mtu katika milima hii aliyefunga sunna nyingi kama Mjomba akifika getini kwetu. Kibichi anapokea: mchele, sukari, hata kuku mzima aliyefungwa miguu. Kilichopikwa, hapana. Na kila akija Mama anapika kama vile leo ndiyo leo, na akiondoka sisi ndio tunaokula, na Mama haketi nasi. Nimekuwa mtu mzima nikiyaona hayo, na bado yananiuma.

Basi jioni ya kuamkia Krismasi Mama alinituma kwa jirani kumkumbusha kuhusu jogoo. Nilimkuta akiivuta sanamu yake kutoka shambani, bado ina koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba yako hajambo? Anaona vizuri?"

"Hajambo. Mama anauliza kama kesho utatuchinjia."

"Mwambie baba yako wale kuzumburu wake wana midomo mikali," alisema. "Wamchinjie wao."

Nilipopeleka majibu, Mama aliketi kwenye kigoda akashika kichwa. Alisema atatafuta mtu sokoni asubuhi, halafu akasema mtu wa sokoni Mjomba hamjui, atapata sababu nyingine. Baba alijitolea kwenda kuomba radhi, lakini alipofika uani alikumbuka lile koti, akaanza kucheka tena, tukamrudisha ndani.

Asubuhi ya Krismasi walikwenda kanisani wakaniacha nilinde maharage jikoni. Mama alisema Mungu ananijua vya kutosha. Nilikuwa nachochea kuni niliposikia mtu anakohoa kwa adabu nyuma ya jiko. Ni jirani, amevaa kanzu safi, kisu amekiviringisha kwenye gazeti. Uso ulikuwa umelainika.

"Sikulala vizuri," alisema. "Mama yako hana kosa. Yuko wapi huyo jogoo?"

Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye mparachichi, anawatazama kuzumburu juu ya ubao kwa wivu. Nilimtazama yeye, nikatazama kisu, na hapo ndipo lile wazo likanijia. Nililipenda kabla sijalimaliza.

"Mzee," nikasema, "nakuomba sana. Endelea kununa."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikamkalisha, nikamweleza. Kama mchinjaji amenuna, na mwingine hayupo, na jogoo bado anawika, na anayeingia getini ni Mwislamu anayejua kushika kisu, nani atachinja? Na mtu aliyechinja kwa mkono wake mwenyewe, kwa bismillahi yake mwenyewe, atasema nini chakula kikitengwa?

Jirani alikiviringisha kisu upya kwenye gazeti. Yeye anamjua Mjomba, na amekula kwetu mara nyingi akiwa amekaa kando yake, Mjomba mikono magotini.

"Mtego bila chambo haunasi," akasema hatimaye. "Pikeni kitu cha maana." Akachukua kisu chake akarudi kununa.

Mama aliporudi kutoka kanisani nilimwambia jirani bado amekasirika. Alitaka kwenda mwenyewe, na nilimzuia kwa uongo ambao siurudii hapa kwa kuwa ilikuwa siku ya Krismasi. Kabla hajavaa kandambili, bodaboda ilisimama getini. Mjomba akashuka, kofia yake nyeupe kichwani, na kiroba cha kabichi kilichokuwa kati yake na dereva.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Dodoma kumbe kuna chakula."

Walisalimiana na Mama kwa Kishambaa, salamu ile ndefu inayouliza mpaka afya ya mbuzi. Kisha nikasogea na kisu cha nyumbani juu ya sinia, nikatia huruma usoni.

"Mjomba, tumekwama. Jirani amegombana na Baba, na jogoo ndiyo huyo."

Mjomba aliangalia kisu bila kukigusa. "Si yule pale?" akasema. Kweli, jirani alikuwa amesimama karibu na michongoma ambapo mtu aliyenuna kihalali asingesimama. "Ngoja nimsemeshe."

"Sikanyagi hapo," jirani alijibu kabla hajaulizwa, kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. "Sikanyagi mpaka kuzumburu waje waniombe radhi mmoja mmoja."

Niliogopa ameharibu. Lakini Mjomba alianza kucheka, akataka kusikia habari yote, na Baba akamsimulia tangu darubini mpaka koti, akionyesha kwa mikono jinsi walivyotua. Mjomba alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko alipovua kofia, akaivaa tena, akakunja mikono ya shati na kuchukua kisu. Alimgeuza jogoo kuelekea kibla, akasoma, akamaliza kazi kwa mkono mwepesi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufumaji wake. Sindano ilikuwa haiendi.

Pilau ilipikwa. Kachumbari ilikatwa. Na Mjomba, akiwa ameketi kwenye jamvi la sebuleni, alitazama jua dirishani akasema kuna mtu kutoka Mnazi anamsubiri stendi, ni lazima awahi, tule tu sisi. Alisema polepole, akiangalia viatu vyake mlangoni. Nilijisikia mjinga kabisa. Nilikuwa nimempa Mama tumaini kubwa zaidi ili livunjike vizuri zaidi, na nilitamani nirudishe saa nyuma nimwachie jirani achinje kama kawaida.

Ndipo geti lilipolia. Jirani aliingia na kanzu yake, hakusubiri radhi ya ndege yeyote, akaketi kwenye jamvi pale pale ubavuni mwa Mjomba.

"Nimesikia harufu," alisema. "Jogoo kachinjwa na nani?"

"Mimi," Mjomba akajibu.

"Vizuri. Basi uhalali wake unaujua wewe. Anza, mimi nikufuate."

"Nina safari."

"Una safari. Sawa." Jirani aliivuta sahani karibu, akaikagua, akaisukuma mbali. "Na mimi basi sili. Mchinjaji akimkimbia kuku wake, mtu unajiuliza pale chini ya mti alisoma nini."

Baba alikohoa. Maneno hayo ya jirani sikumfundisha mimi. Yalikuwa yake mwenyewe. Mjomba alimgeukia jirani, halafu akanigeukia mimi, akanitazama sana, na nikaona ameuona mtego wote tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Mmenizungushia ua," alisema.

"Ndiyo, mjomba," nikasema.

Alikunja tena mikono ya shati. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Nilimnawisha. Alivuta sahani, akasema bismillahi kwa mara ya pili siku ile, akala. Alikula kama mtu wa shamba anavyokula, bila kuongea, na jirani akamfuata, na Baba akajifanya anaangalia ndege dirishani.

Mama hakuwepo. Nilimkuta jikoni, ameupa mlango mgongo, anasugua mfuniko wa sufuria uliokwisha kutakata.

"Anakula?" akaniuliza.

"Anakula."

"Usinitanie leo, nakuomba."

"Sikutanii. Njoo umwone."

"Siendi. Nikienda ataacha." Akaendelea kusugua. "Anakula nini?"

"Pilau. Na paja. Sasa anachukua kachumbari."

"Kachumbari alikuwa hapendi," alisema Mama, akazidi kusugua.

Hapo tukasikia Mjomba anaita kutoka sebuleni. Hakuita kwa Kishambaa cha salamu wala kwa adabu ya mgeni. "Wewe mdogo wangu," alisema, "pilau gani hii haina chumvi?"

Mgeni hasemi habari ya chumvi, hata ukimpikia majivu. Hayo husemwa na mtu wa nyumbani tu. Mama aliweka mfuniko chini, akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akachukua kopo la chumvi.

"Hata kwetu alikuwa hivi hivi," aliniambia. "Haridhiki."

Alikwenda, akapiga magoti kando ya kaka yake, akamnyunyizia yeye mwenyewe, kidogo, kisha kidogo tena, na Mjomba akamwambia akae ale, chakula kinapoa. Mama akakaa. Mimi nilibaki jikoni, nikachota pilau kwenye sufuria kwa mkono, nikaonja. Chumvi ilikuwa imekolea.